Upinde Ukipiga Kelele, Mnyama Anadaka Kabla ya Shuti

Kaa nyuma ya goli kwenye uwanja wowote wa Kigonsera, wilayani Mbinga, jioni vijana wakiwa wanasakata kabumbu. Mtazame golikipa wa upande wa pili anapopiga mpira mrefu. Utaona mguu umeshagusa, mpira umeshapaa, ndipo sauti ya "pu!" inakufikia. Macho yako hayana tatizo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo kwenye uwanja wa mita 100 inachelewa karibu theluthi moja ya sekunde.

Kwa shabiki huo ni mchezo wa macho na masikio tu. Kwa mtu aliyeshika upinde, vipande vidogo vya muda kama hivyo ndivyo vinavyoamua kama nyumbani kutaliwa nyama au mboga za jana.

Kigonsera haina timu Ligi Kuu, lakini jina lake halijakaa mbali na soka la nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kijana Benjamin Mkapa alisoma katika seminari ya hapo, kwenye misheni ya zamani ya Wabenediktini. Baadaye akawa Rais wa Awamu ya Tatu. Leo uwanja wa mashabiki 60,000 jijini Dar es Salaam unabeba jina lake.

Na kila mtu anajua Kwa Mkapa kelele ni silaha. Mgeni akishuka pale anakutana na ngoma, vuvuzela na ule msemo wa "Kwa Mkapa hatoki mtu". Huko kelele zinamsaidia mwenyeji.

Kwenye upinde ni kinyume kabisa. Kelele zinamsaidia mpinzani.

SAUTI NA MSHALE ZINAKIMBIZANA

Upinde una uzi unaoitwa upote. Ukivuta upote na kuuachia, mshale unaondoka na upote unalia: "twang!" Mshale wa upinde wa asili unakwenda kama mita 45 kwa sekunde. Sauti ya upote inakwenda mita 340. Hapo hakuna mechi. Sauti inamwacha mshale kama winga mwenye kasi anavyomwacha beki aliyechoka dakika ya 90.

Chukua swala aliyesimama mita 20. Sauti inamfikia kwa sehemu sita tu za mia za sekunde. Mshale unahitaji kama sehemu 44 za mia. Maana yake swala ana karibu sehemu 38 za mia za sekunde tangu asikie mlio mpaka mshale ufike.

Shabiki wa soka anaijua namba hiyo hata kama hajawahi kuihesabu. Penalti inapigwa mita 11. Mpira ukienda kilomita 100 kwa saa, unafika golini kwa sehemu 40 hivi za mia za sekunde. Kwa hiyo swala wa mita 20 ana muda karibu sawa na golikipa kwenye tuta.

Tofauti ni kwamba golikipa anabahatisha upande. Ndiyo maana wengi wanaruka kabla mpira haujapigwa. Swala habahatishi. Akisikia mlio asioujua, kwanza anachuchumaa ili miguu ipate nguvu ya kuruka. Ule mchuchumao tu unatosha kuushusha mgongo wake kiasi cha shubiri moja. Mshale uliolenga moyo unapita juu, kama penalti iliyopaa juu ya mtambaa wa panya.

Mpiga upinde hakukosea shabaha. Alilenga pale pale. Mnyama ndiye hakuwepo tena.

Mashabiki wa Tanzania wanajua maumivu ya nafasi moja. Mwaka 2003 Simba waliitoa Zamalek kwa matuta kule Cairo, Juma Kaseja akiwa langoni, na mpaka leo watu wanasimulia. Mwaka 2023 Simba hao hao wakatolewa na Wydad kwa matuta kule Casablanca. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Yanga mbele ya Mamelodi Sundowns. Lakini kwenye soka kuna msimu mwingine. Mwindaji akikosa, kundi zima linatimka na siku imekwisha.

WAHADZABE WANASOGEA KWANZA

Kwa Tanzania, watu ambao upinde kwao bado ni kazi ya kila siku ni Wahadzabe, wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi. Pinde zao ni ndefu na ngumu kuvuta. Upote wanausokota kwa kano za wanyama. Kwa wanyama wakubwa wanatumia mishale yenye sumu ya mimea.

Sumu inasaidia, maana mshale usiopata moyo bado unaweza kufanya kazi yake. Lakini sumu haimsaidii aliyepitisha mshale juu ya mgongo. Lazima umguse mnyama kwanza.

Ndiyo maana dawa ya kwanza ya kelele haiko kwenye upinde, iko miguuni. Ni kusogea. Kwa mita 10, mshale unafika kwa sehemu 22 za mia za sekunde, na sauti imeshatumia tatu. Swala anabakiwa na sehemu 19 tu. Hapo hata kuchuchumaa hajamaliza. Nusu ya umbali imekata nusu ya muda wake. Wakati wa kiangazi Wahadzabe hujificha usiku karibu na maji na kumngoja mnyama aje mwenyewe. Ni kama straika anayejua kwamba shuti la nje ya 18 ni la mashabiki kushangilia, lakini mabao mengi yanapatikana ndani ya boksi.

KELELE NI NGUVU ILIYOKOSA KAZI

Kwa nini upote unalia? Jibu lipo kwenye goti la kila aliyecheza chandimu.

Ukikimbia kwa hasira, ukaurusha mguu wote, halafu ukapiga hewa, goti linauma. Nguvu uliyoiandaa kwa ajili ya mpira imekosa pa kwenda, imerudi mwilini. Upinde nao uko hivyo hivyo. Ukiuvuta, mti unajipinda na kuhifadhi nguvu. Ukiachia, sehemu kubwa ya nguvu inaondoka na mshale. Iliyobaki inautikisa mti na upote, na mtikisiko huo ndio unaosikika. Ukiachia upote bila mshale kabisa, upinde unaweza hata kuvunjika. Huko ndiko kupiga hewa kwenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kuunyamazisha upinde ni kazi ya kuipa nguvu pa kwenda. Mambo ni matano.

Kwanza ni uzito wa mshale. Mshale mwepesi unawahi kuondoka na kuacha nguvu nyingi nyuma, upinde unapiga kelele. Mshale mzito unabeba nguvu zaidi, upinde unatulia. Utakwenda polepole kidogo, lakini unaingia vizuri na hautangulizi habari. Wawata wa eneo la Tsavo nchini Kenya, waliokuwa maarufu kwa kuwinda tembo, walivuta pinde za zaidi ya kilo 45. Upinde wa namna hiyo haupewi kijiti.

Pili ni nafasi kati ya upote na mti, pale unapokamata. Kunja ngumi, simamisha dole gumba, weka ngumi kwenye mshikio. Ncha ya dole gumba ikigusa upote, au ikikaribia kuugusa, uko sawa. Upote ukilala karibu zaidi na mti, utakuchapa kifundo cha mkono na utalia vibaya. Dawa yake ni kuuvua upande mmoja na kuusokota mizunguko michache. Unafupika, nafasi inaongezeka. Sokota kidogo, jaribu, sokota tena. Ukizidisha, mshale unapoteza kasi na upote unachoka mapema.

Tatu ni manyoya. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kipande chembamba cha ngozi yenye manyoya, au kifundo cha nyuzi za sufu, kikifungwa kwenye upote kinameza mtikisiko, kama nyavu za goli zinavyomeza shuti. Vifungwe viwili, kimoja juu na kimoja chini, kila kimoja kikiwa kama robo ya urefu wa upote kutoka kwenye ncha. Visifungwe katikati. Katikati ndipo upote unapokwenda kasi kuliko kwingine, na uzito wowote hapo unaiba kasi ya mshale. Vikifungwa nchani kabisa navyo havina kazi, kwa sababu pale upote hautikisiki sana.

Nne ni pale upote unapokutana na mti kwenye ncha, na pale mshale unapopita ubavuni mwa upinde. Mti ukigongana na mti unatoa sauti kavu. Kipande kidogo cha ngozi laini kinamaliza kesi hiyo.

Tano ni kelele zisizo za upinde. Mishale inayogongana ndani ya podo. Bangili mkononi. Funguo mfukoni. Mtu anaweza kuhangaika na upote wiki nzima, kumbe mnyama anasikia sarafu.

MVUA YA MBINGA NA UPOTE

Kwa ukanda wa Mbinga na milima yake kuna jambo la sita, nalo ni mvua. Upote wa kano ukilowa unalegea. Ukilegea, ile nafasi ya ngumi na dole gumba inapotea na kelele zinarudi. Manyoya yanastahimili maji kuliko pamba, maana pamba ikinyonya maji inakuwa jiwe linaloning'inia kwenye upote. Kupaka mafuta au nta kunasaidia, na kuuweka upote pakavu kunasaidia zaidi. Pia upinde usiotumika usiachwe umefungwa upote wake ukivutika. Mti unachoka na kuzoea kujipinda, kama mchezaji anayepangwa mechi zote mpaka msuli unagoma.

Ukitaka kujua kama umefanikiwa, usijiamini masikio yako. Anayepiga upinde huhisi mtikisiko mkononi na kudhani ni sauti. Mwambie mwenzako asimame NYUMA yako, hatua kama 20, afumbe macho. Piga mishale mitatu kabla ya marekebisho na mitatu baada ya hapo. Yeye ndiye refa. Na kamwe mtu asisimame mbele ya upinde, hata kwa utani, hata kama hujaweka mshale.

NYAMAZA, LAKINI USIWE JANGILI

Hapa lazima filimbi ipulizwe. Kuna sababu majangili wengi wanaupenda upinde: haulii kama bunduki. Tanzania wanyamapori ni mali ya umma, na kuwinda bila kibali ni kosa, iwe kwa bunduki, mtego au mshale ulionyamazishwa kwa manyoya. Wawata wa Tsavo wanalijua hilo. Miaka ya 1950 operesheni za kupambana na ujangili ziliwakamata wengi wao, na maisha waliyoyajenga kuzunguka upinde yakaishia hapo.

Basi kijana wa Kigonsera asiye na kibali aunyamazishe upinde wa nini?

Kwa sababu kelele si habari ya mnyama peke yake. Ni ripoti ya daktari wa timu. Upinde unaolia sana unasema mshale ni mwepesi mno, au upote uko chini, au kuna kitu kimelegea. Upinde uliotulia hauumizi mkono, unadumu, na mshale wa kumi unakwenda kama wa kwanza. Hilo lina maana hata mbele ya gunia la majani lenye duara la mkaa katikati. Kwenye Olimpiki wanapiga mita 70, kwenye duara la sentimita 122, na pointi 10 ziko kwenye duara la sentimita 12 na kidogo, dogo kuliko mpira wa miguu. Lengo halikimbii, lakini upinde unaotikisika hovyo haukuachii ukaligusa mara mbili mfululizo.

Upinde usiolia kabisa haupo. Anayekuuzia huo anakuuzia mechi iliyopangwa. Kinachowezekana ni kuugeuza ule mlio mkali uwe mguno mzito na mfupi, kitu ambacho mnyama anaweza kudhani ni tawi limedondoka. Anainua kichwa. Anageuza sikio. Anasikiliza kwanza kabla ya kuchuchumaa.

Na wakati anasikiliza, mshale umeshafika.