Nyumba iliyo rehani: je, mzazi anaweza kumpa mwanawe?

Katika Arua na Koboko, mzazi anapotaka kumpa mwanawe nyumba, huwaita wazee wa ukoo, majirani na mwenyekiti wa LC1. Karatasi huandikwa, mashahidi hutia saini, dua husomwa. Lakini ikiwa hatimiliki ya nyumba hiyo imeshikiliwa na benki, karatasi hiyo peke yake haimfanyi mtoto kuwa mmiliki.

Sheria inasemaje?

Kwa mujibu wa Sheria ya Rehani ya Uganda ya mwaka 2009, rehani ni dhamana ya deni tu. Aliyekopa hubaki kuwa mwenye nyumba, ila hawezi kuihamisha bila idhini ya maandishi ya mkopeshaji, naye mkopeshaji hapaswi kuikataa bila sababu ya maana. Kwa ardhi iliyosajiliwa, umiliki huhama pale jina jipya linapoingizwa katika daftari la msajili, si siku ya sherehe.

Hatari iko wapi?

Chukulia mfano wa mjane wa Arua anayedaiwa shilingi milioni 12. Amempa bintiye nyumba kwa karatasi ya mtaani, na binti ameongeza vyumba viwili vya kupangisha. Mama anaugua, marejesho yanakoma. Benki humpa mkopaji notisi ya siku 45 za kazi alipe. Akishindwa, hufuata notisi ya kuuza ya siku 21 za kazi. Notisi huandikwa kwa jina la mama. Akiificha kwa aibu, binti huenda akajua habari siku dalali anapobisha hodi, na jasho lake lote limo ndani ya kuta zile.

Njia zilizo salama

Ya kwanza ni kumaliza deni, rehani ifutwe kwenye daftari, kisha nyumba ihamishwe. Ya pili ni benki kuridhia mtoto aubebe mkopo. Hapo itapima kipato chake kama inavyompima mkopaji yeyote. Bila makubaliano hayo, mzazi huendelea kudaiwa hata baada ya kutoa zawadi. Ya tatu ni wosia, lakini mrithi hupokea nyumba pamoja na deni lake.

Kwa familia za Kiislamu, wakiwemo Wanubi, hiba hutaka kukubaliwa na kukabidhiwa, na deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Hiba haifuti haki ya anayedai.

Mwenzi na ukoo

Ikiwa ndiyo nyumba wanamoishi mume na mke, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 hutaka idhini ya mwenzi kabla ya kuitoa. Sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile inamilikiwa kimila. Huko sauti ya ukoo nayo lazima isikilizwe mapema.

Kabla ya kutia saini

Anayepewa nyumba aombe mambo matatu: taarifa ya benki ya deni lililobaki, uchunguzi wa hatimiliki katika ofisi ya ardhi ya kanda iliyoko Arua, na idhini ya benki kwa maandishi. Kumwuliza mzazi kuhusu deni si utovu wa adabu. Ni kuilinda zawadi yenyewe.