Mmisionari akienda mbali, nani anabaki na wazazi?

Hapa Beni na Butembo, mtu akisema "mmisionari", wengi tunawaza muzungu na Biblia yake. Tunasahau kama naye alikuwa na familia.

Mwaka 1929, munganga Carl Becker na bibi yake Marie walitoka Marekani, wakafika Kongo. Miaka ya 1930 wakaanza kazi Oicha, na hospitali ikakua, wagonjwa wa ukoma wakiwa wengi. Misioni yao, AIM, ilikuwa na shule ya watoto wa wamisionari kule Rethy, Ituri. Watoto walilala huko huko, wakaonana na wazazi wakati wa likizo. Mwaka 1964 vita ya Wasimba ikafukuza wamisionari. Lakini waumini wa Kongo walibaki, na leo kanisa la CECA 20 linaendelea.

Mwaka huo huo wa 1929, mapadri Waasumpsio kutoka Ubelgiji nao walifika Kongo, wakaanza kazi huku kwetu.

Leo njia imegeuka. Mapadri na masista wazaliwa wa jimbo la Butembo-Beni wanatumwa Kenya, Tanzania, hata Ulaya. Mama akifariki, tikiti ya ndege ni bei kali. Kuna anayefuata mazishi kwa simu tu. Na wazazi wengine wamekimbia vijiji vyao juu ya mauaji.

Siku ya kumtuma, parokia nzima inaimba na kucheza. Basi kesho yake, parokia hiyo hiyo ibishe hodi kwa wazazi waliobaki.