Jicho na Neno

Kadi mia mbili za harusi zilikuwa zimeshachapwa ndipo shangazi alipoliona kosa: "Mnakarbishwa". Sampuli tulikuwa tumeipitia watu wanne, na mimi ndiye niliyejigamba kuwa na jicho kali. Sote tulisoma "Mnakaribishwa".

Shuleni tulianza na a-e-i-o-u, tukaja ba-be-bi-bo-bu, na wengi tumebaki tukiamini kwamba kusoma ni kuokota herufi mojamoja mpaka neno litimie. Mwaka 1886 James McKeen Cattell, Mmarekani aliyesomea Leipzig kwa mwanasaikolojia Wilhelm Wundt, alionyesha kuwa sivyo. Maandishi yakipita machoni kufumba na kufumbua, msomaji hunasa herufi nyingi zaidi zikiwa zimeunda neno kuliko zikiwa zimetawanyika ovyo.

Labda anabahatisha tu? Swali hilo lilipata jibu la kuridhisha mwaka 1969, katika jaribio la Gerald Reicher. Yeye alitumia maneno ya Kiingereza. Sisi tuchukue KITU. Neno linamulikwa kidogo sana, kisha linafunikwa kwa alama zisizo na maana. Msomaji anaulizwa: herufi ya mwisho ilikuwa U au I? Hapo kubahatisha hakumsaidii, maana KITI nalo ni neno. Hata hivyo watu walijibu vizuri zaidi walipoonyeshwa neno zima kuliko walipoonyeshwa herufi zilizovurugwa, na hata kuliko walipoonyeshwa herufi hiyo moja peke yake. Yaani U iliyo katikati ya wenzake inaonekana vyema kuliko U iliyosimama pweke! Wala si umbo la neno linalosaidia, kama watu wanavyopenda kudai: Reicher alitumia herufi kubwa, ambazo zote zina kimo kimoja.

James McClelland na David Rumelhart walilifafanua jambo hili mwaka 1981. Kwa maelezo yao, vijistari vinavyounda herufi huamsha herufi, nazo herufi huamsha maneno; lakini neno likishaanza kuamka haliwi mpokeaji tu, huzirudishia nguvu herufi zake. Kuona na kujua vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Waswahili walioandika tenzi kwa hati za Kiarabu waliutegemea ujuzi huo kila siku: herufi "ba" iliweza kusimama kwa b, p au hata mb, na msomaji akachagua ipasavyo kwa kuijua lugha.

Ujuzi huohuo ndio uliotuponza sisi wanne. Herufi zilizokuwapo zilitosha kuliamsha "Mnakaribishwa", nalo likaijaza i iliyokosekana kabla hatujaona pengo. Shangazi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru, na hadi leo husoma kwa kidole, silabi baada ya silabi. M-na-ka... kidole kikakwama. Akauliza, "Hii 'rbi' inasomwaje?"