Ng'ombe Apumzike Kabla ya Kisu

Ng'ombe wa zebu anayelishwa nyasi kavu kati ya Busia na Tororo hawezi peke yake kumeng'enya nyuzi za nyasi hizo. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wa tumbo lake la kwanza, mabilioni katika kila mililita. Asidi wanazozitoa humpa karibu asilimia 70 ya nguvu zake, nao wenyewe wakisukumwa mbele humeng'enywa wakawa protini. Basi bakteria ndio wanaojenga nyama, na baadaye ndio wanaoiozesha.

Ndani ya msuli wa ng'ombe mwenye afya karibu hamna bakteria. Huingia kwa ngozi, kwato, kisu, mikono na utumbo uliotoboka. Watafiti waliozuru machinjio 142 ya magharibi mwa Kenya mwaka 2012, Busia ikiwemo, walikuta mahali pa kunawa mikono katika takriban moja kati ya kila matano. Hali hiyo inatisha, maana bakteria mmoja wa utumbo, akipata joto la kama nyuzi 37, hugawanyika kila dakika 20. Kwa saa 7 huzaa zaidi ya milioni 2.

Lakini nyama ina kinga yake, na hiyo hatuithamini inavyostahili. Msuli huweka akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Ng'ombe akishachinjwa, akiba hiyo hugeuka asidi ya laktiki, pH ikashuka kutoka 7 hadi karibu 5.5, na bakteria wengi wakapunguza kasi. Ng'ombe aliyeswagwa kutwa kutoka mnadani, akapigwa fimbo na kunyimwa maji, hufika machinjioni akiba imekwisha. Nyama yake hubaki nyeusi na yenye kunata, pH ikiwa juu ya 6, na huharibika upesi. Pale ambapo bucha haina friji, kumpumzisha ng'ombe usiku kucha na kumnywesha maji ni hifadhi isiyohitaji umeme.

Chumvi, moshi na jua huwanyima bakteria maji, ndiyo maana nyama kavu hudumu. Hata hivyo mbegu za bakteria wa kimeta hazifi kwa kukaushwa. Ng'ombe aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani au mkunduni, asichunwe wala kupasuliwa: mbegu hizo hujitengeneza damu inapokutana na hewa, kisha hukaa udongoni miaka mingi. Aitwe daktari wa mifugo.