Madigadi za Kufunga na Kufungua



Maneno yetu ya leo ni juu ya madigadi, yaani mabamba yaliyopindwa juu ya magurudumu ya baiskeli ili kuzuia tope. Baiskeli nzito kama Phoenix, zichukuazo mikate na mkaa huko Temeke na Kinondoni, huja na madigadi za chuma zilizokazwa kwa nati. Lakini baiskeli nyepesi za mbio mara nyingi hazina. Basi mwenye baiskeli hiyo hununua madigadi za plastiki, akazifunga wakati wa mvua na kuzifungua wakati wa kiangazi.

Faida yake ni nini? Gurudumu lizungukapo huinua maji, nayo yakiuacha mpira hurushwa kwa mstari ulionyooka. Maji ya gurudumu la nyuma humpiga mpandaji mgongoni. Ya mbele huangukia miguu na mnyororo. Nguo zafulika, lakini maji ya masika, tangu Machi hata Mei, yana mchanga, nao ukichanganyika na mafuta ya mnyororo hula chuma kama tupa.

Walakini liko jambo kubwa zaidi. Madigadi ya mbele iliyolegea ni hatari. Ikigusa mpira huvutwa, ikajikunja na kukwama katika uma; gurudumu husimama ghafula, na mpandaji hutupwa mbele kichwa chini. Katika Barabara ya Kilwa au ya Morogoro, penye malori na mabasi, kuanguka hivyo kwaweza kumtoa mtu roho.

Kwa hiyo shikeni mambo matatu. Kwanza, kati ya mpira na madigadi iwepo nafasi ipatayo unene wa kidole. Kama uma ni mwembamba, msilazimishe; kwa nyuma tumieni ile ifungwayo katika nguzo ya kiti, ambayo hukaa mbali na mpira. Pili, katika njia za mfinyanzi, kama za bonde la Msimbazi, tope hujaa chini ya madigadi na kuzuia gurudumu. Shukeni, mlichokoe kwa kijiti. Likizidi kujaa, fungueni madigadi, maana heri nguo chafu kuliko mfupa uliovunjika. Tatu, kila asubuhi inueni gurudumu, mlizungushe kwa mkono na kutega sikio. Mkisikia mkwaruzo, msipande kabla ya kukaza.

Kazi hiyo haizidi dakika moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.