Ziwa Halitaki Haraka: Nasaha kwa Mwenye Kuzuru Rusinga na Mfangano

Haraka haraka haina baraka. Methali hii niliikariri shuleni nikapewa alama zangu, lakini maana yake sikuijua mpaka alasiri moja niliposimama ufukoni Mbita nikimhimiza mzee mmoja mwenye mashua anivushe hadi kisiwa cha Mfangano.

Kosa lilikuwa langu. Asubuhi ile nilikawia Kisumu, nikaketi Dunga kula ngege wa kukaanga na kutazama wavuvi wakirudi. Nilipowasili Mbita ilikuwa yapata saa tisa. Mzee yule alitazama mawingu, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu, lala hapa. Kesho alfajiri nitakuvusha."

"Lakini Jaduong', kisiwa kile nakiona kwa macho yangu!"

"Kukiona si kukifikia," akanijibu, akaendelea kushona wavu wake.

Mimi nikatoa noti nyingi zaidi, na kijana mmoja akazipokea. Lo! Hatukufika hata nusu ya njia. Upepo ulivuma ghafla, mawimbi yakaanza kuruka ndani ya chombo, na injini ikazimika. Kijana akihangaika na injini, mimi nilichota maji kwa sufuria, sina hata jaketi la kuokolea maisha. Injini ilipowaka, tuligeuza tukaegesha Rusinga tukiwa tumelowa chapachapa. Nililala kwa watu nisiowajua, walionipa uji na blanketi bila kuniuliza lolote.

Ndiyo maana, ndugu msomaji, leo nakuandikia nasaha hizi.

Kwanza, liheshimu ziwa. Watu wengi wa bara huliona kama bwawa kubwa kwa kuwa maji yake hayana chumvi. Hili ni ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na sehemu iliyo Kenya ni ndogo tu. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa mamia ya watu. Mwezi Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Basi safiri asubuhi, vaa jaketi na ulifunge, na ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka. Nahodha akisema leo hatutoki, mshukuru.

Pili, ijue njia. Kutoka Kisumu unaweza kupanda matatu kupitia Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita. Au upitie Bondo hadi Luanda Kotieno, na hapo upande feri inayobeba watu na magari mpaka Mbita. Ulizia saa za feri kabla ya kuondoka, na usisahau kuwa gugumaji likisukumwa na upepo huweza kuziba njia ya chombo. Beba noti ndogondogo. Kuhusu majira, mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huleta matope na dhoruba.

Rusinga haihitaji mashua kuifikia. Katika miaka ya 1980 lilijengwa tuta la kukiunganisha kisiwa na Mbita, lakini tuta hilo lilizuia maji kupita, na baadaye likajengwa daraja. Huko Kasawanga ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Ingia kaburini kwa adabu, kwa maana hapo ni nyumbani kwa watu. Katika kisiwa hicho hicho, mwaka 1948, Mary Leakey alivumbua fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Ukiona mfupa au jiwe la ajabu ardhini, liache palepale. Sheria inakataza kuliokota, na likiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake.

Mfangano ndiko kwenye ziara yenyewe. Wenyeji ni Abasuba, ambao wengi wao siku hizi huzungumza Kijaluo kuliko lugha ya mababu zao. Tembelea makumbusho ya amani ya jamii yao, kisha mwombe mwenyeji akupeleke Mawanga na Kwitone, penye michoro ya kale miambani: duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, ambayo husemwa ni kazi ya Watwa. Wazee waliomba mvua mahali hapo. Usiguse michoro, usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, wala usiandike jina lako. Michoro hii imedumu kwa sababu watu walipaogopa na kupaheshimu. Mgeni mmoja mwenye kipande cha mkaa aweza kuiharibu kwa dakika moja.

Tatu, linda afya yako. Lala ndani ya chandarua, kwani malaria ipo mwaka mzima. Usioge wala kutembea majini kandokando ya matete, kwa sababu ya kichocho, na pia kwa sababu ya mamba na viboko. Maji ya kunywa yachemshwe. Vaa kofia, maana Ikweta iko karibu mno.

Usiku, kama hakuna mwezi, keti ufukoni utazame taa za wavuvi wa omena. Utadhani mji mzima umehamia majini. Kumbuka kwamba chini ya kila taa yumo mtu ambaye familia yake inamngoja. Salimia watu, sema "misawa", na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Siku ile ya pili nilirudi Mbita kwa miguu na kwa aibu. Mzee alikuwa bado na wavu wake. Hakunicheka. Alinitazama nguo, akaniuliza, "Umelala salama?" Kisha akanirushia jaketi, akasukuma mashua. Ziwa lilikuwa limetulia kama kioo, na safari nzima hatukusema neno.