Matangazo ya Michezo Yanapozuiwa kwenye Intaneti: Sababu Zake na Hatua za Kuchukua

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba hivi sasa hutazama mpira kwa simu na kompyuta, mbali na wale wanaotumia televisheni na ving'amuzi. Pamoja na maendeleo hayo, liko jambo moja linalolalamikiwa mara kwa mara: mechi inapokaribia kuanza picha haiji, na badala yake hutokea maandishi yanayomweleza mtazamaji kwamba matangazo hayo hayapatikani mahali alipo. Wengine huonyeshwa nusu ya kwanza kisha hukatiwa, na wengine hubaki na duara linalozunguka pasi na mwisho.

Ukurasa huu unakusudia kuwaeleza wananchi na watumishi wa umma sababu za hali hiyo na namna ya kuikabili. Maelezo haya yana umuhimu, kwani asiyejua sababu hukimbilia dawa isiyokuwa yake. Aghalabu hulipa fedha kwa mtu asiyemjua, au huweka katika kompyuta ya ofisi programu inayohatarisha kumbukumbu za Serikali.

Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba neno "kuzuiwa" hukusanya mambo matano yaliyo mbalimbali. Kila moja lina dalili zake, lina mhusika wake na lina ufumbuzi wake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutambua ni lipi kati ya hayo matano, kabla ya kutoa fedha au kubadilisha chochote.

KWANZA: MIPAKA YA HAKI ZA MATANGAZO

Haki ya kutangaza mashindano huuzwa na mwenye mashindano, na huuzwa kwa nchi au kwa kanda. Kampuni iliyonunua haki kwa ajili ya Tanzania hairuhusiwi kuonyesha Oman, na iliyonunua kwa ajili ya Oman hairuhusiwi kuonyesha Tanzania, isipokuwa mkataba useme hivyo. Thamani ya mikataba hii ni kubwa. Mwaka 2021, kwa mfano, haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara ziliuzwa kwa kampuni ya Azam Media kwa muda wa miaka 10, kwa shilingi bilioni 225.6. Mnunuzi aliyetoa fedha za kiasi hicho hulazimika kulinda mipaka yake, na hulazimishwa pia na mkataba kulinda mipaka ya wenziwe.

Mahali mechi inapochezwa hapabadilishi jambo hili. Tarehe 25 Mei 2025 Simba ilicheza na RS Berkane ya Morocco katika Uwanja wa Amaan, hapa Unguja, mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Uwanja ni wetu na watazamaji wengi walikuwa wetu. Haki ya matangazo, hata hivyo, ilikuwa mikononi mwa Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, ambalo ndilo lenye mashindano.

Mfano mwingine huwashangaza jamaa zetu wanaoishi Uingereza. Mechi za Ligi Kuu ya huko zinazoanza saa 9 mchana siku ya Jumamosi haziruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja ndani ya Uingereza. Marufuku hiyo huanza saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni kwa saa za huko, na shabaha yake ni kuwafanya watu waende viwanjani, khasa kwenye viwanja vya timu ndogo. Mechi hizo hizo huweza kuonyeshwa kihalali Afrika Mashariki, ambako huwa ni saa 11 au saa 12 jioni kwa kufuata majira. Basi mtu aliyeko London huzuiwa kutazama mechi inayochezwa mtaa wa pili, ilhali ndugu yake aliyeko Chake Chake anaitazama.

Mtambo wa matangazo humtambua mtazamaji alipo kwa njia ya anwani ya intaneti, yaani nambari ambayo kila chombo kilichounganishwa na mtandao hupewa na kampuni ya mawasiliano. Nambari hizo zimeorodheshwa katika madaftari yanayoonyesha kila fungu ni la nchi gani. Madaftari hayo huweza kukosea. Mtumiaji wa intaneti ya setilaiti, au wa kampuni iliyohamishiwa fungu jipya la nambari, huweza kuonekana kuwa yuko nchi nyengine ilhali yuko Mkoani. Anayezuiwa ingawa amelipia huduma halali ya hapa nchini na awaandikie watoaji wa huduma hiyo pamoja na kampuni yake ya intaneti, awapelekee maandishi ya kukataliwa pamoja na saa yalipotokea, na aombe kumbukumbu zirekebishwe. Hilo ni kosa linalorekebishika.

Msafiri naye afahamu kwamba huduma aliyoilipia hapa huweza kufungwa mara anapotua Muscat au Dubai. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2018, inayomwezesha mkaazi wa nchi mwanachama kutumia huduma yake anapotembelea nchi nyengine mwanachama. Kanuni hiyo ni ya wakaazi wa Umoja huo peke yao, na haimhusu msafiri anayetoka hapa.

Wako wanaoshauri kutumia VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano katika seva ya nchi nyengine ili mtumiaji aonekane yuko huko. Yafaa kukumbuka mambo matatu. Programu hizo zina kazi halali, kama vile kulinda mawasiliano ya ofisi, lakini kuzitumia kwa kukwepa mipaka ya haki kwa kawaida huvunja masharti ya huduma, na akaunti huweza kufungwa. Pili, watoaji wa matangazo huzijua nambari nyingi za seva hizo na huzizuia, na ndiyo maana hata mwenye haki ya kutazama huzuiwa akiwa ameisahau programu hiyo ikiwa wazi. Aizime, kisha ajaribu tena. Tatu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo tarehe 13 Oktoba 2023 likiwataka watumiaji wa VPN wajiorodheshe kabla ya tarehe 30 Oktoba mwaka huo. Kwa hivyo si jambo la kufanywa kwa mzaha.

PILI: CHANZO KISICHO NA LESENI

Matangazo mengi yanayotolewa "bure", au yanayouzwa kwa bei ndogo kupitia makundi ya simu, hayana idhini ya mwenye haki. Haya hukatika kwa sababu yanasakwa wakati mechi inachezwa. Mwezi Machi 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza iliiruhusu Ligi Kuu ya huko kuyataka makampuni ya intaneti yazuie seva zinazorusha mechi zake, katika saa za mechi zenyewe. Italia ilianza mwezi Februari 2024 kutumia utaratibu unaotaka chanzo kilichoripotiwa kizuiwe ndani ya dakika 30. Amri hizo huwabana wateja wa nchi zilizotoa amri. Lakini seva yenyewe ikizimwa, au akaunti iliyokuwa ikiibiwa picha ikifungwa, watazamaji wa kila nchi hukatikiwa kwa pamoja, na mtazamaji wa Wete ni mmoja wao.

Utaratibu huo nao una makosa yake. Mwezi Oktoba 2024, huko Italia, huduma ya Google ya kuhifadhi mafaili ilizuiwa kimakosa kwa saa kadhaa, na watu wasiohusika na mpira wakashindwa kupata kazi zao. Kwa hivyo tovuti ya kawaida ikikatika wakati wa mechi kubwa, si lazima iwe ina kosa.

Kwa mwananchi wa hapa hasara kubwa ni ya aina nyengine. Anayemtumia muuzaji asiyejulikana malipo ya msimu mzima hana risiti wala pa kushitakia siku chanzo kinapozimwa. Tovuti za namna hii pia humtaka mtu aweke programu ngeni au aandike namba ya siri ili "kufungua" mechi. Wananchi wanakumbushwa kwamba hakuna mechi inayohitaji namba ya siri ya akaunti ya fedha za simu. Anayeombwa namba hiyo aiache tovuti hapo hapo.

Wenye vibanda vya kuonyeshea mpira nao wazingatie kwamba kifurushi cha nyumbani hakimpi mnunuzi ruhusa ya kuonyesha hadharani kwa kiingilio. Kesi ya Bibi Karen Murphy, mwenye baa mjini Portsmouth, aliyetumia kadi ya king'amuzi kutoka Ugiriki, ni funzo. Tarehe 4 Oktoba 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kwamba kumkataza mtu wa Ulaya kununua kadi ya nchi nyengine ya Ulaya ni kinyume na sheria za soko lao. Pamoja na hayo, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba mchezo wenyewe hauna hakimiliki, lakini nembo, wimbo na michoro inayoambatana na matangazo inayo, na kuionyesha baani kunahitaji idhini. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Mwenye kibanda na amuulize mtoaji wa huduma kuhusu kifurushi cha biashara kabla ya kufungua mlango.

TATU: AKAUNTI NA CHOMBO

Sehemu kubwa ya usumbufu hutokana na mambo madogo. Malipo huwa yamekwisha, au kifurushi kilicholipiwa hakina mashindano yanayotakiwa. Makampuni mengine huruhusu chombo kimoja tu kwa wakati mmoja. Kijana akiwa anatazama Dar es Salaam kwa akaunti ya baba, baba hukataliwa Unguja. Ufumbuzi wake ni kuviondoa katika akaunti vyombo visivyotumika na kubadilisha neno la siri.

Simu yenye tarehe au saa isiyo sahihi hukataliwa na mitambo, kwa kuwa vyeti vya usalama hukaguliwa kwa tarehe. Mtumiaji aiweke saa ijirekebishe yenyewe na mtandao. Programu ya zamani isasishwe. Sauti ikisikika na kioo kikabaki cheusi baada ya kuunganisha kompyuta na televisheni, mara nyingi waya au televisheni hiyo haikubaliani na kinga ya kunakili iliyomo katika matangazo. Abadilishe waya au atazame kwenye kompyuta yenyewe.

NNE: MTANDAO WA OFISI

Mechi inayofunguka nyumbani ikakataa ofisini huwa imezuiwa na mtandao wa ofisi, na huo si ubovu. Picha nzuri huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde. Ofisi yenye njia ya megabiti 50 huwa imekwisha yote pale watumishi 10 tu wanapotazama kwa pamoja. Anayeumia ni mwananchi aliyepanga foleni akingoja cheti cha kuzaliwa, au mgonjwa ambaye majibu yake hayajafika kutoka maabara.

Mtumishi asiweke VPN wala programu ya kutazamia mpira katika kompyuta ya Serikali ili kukwepa kizuizi hicho. Programu hiyo hupitisha mawasiliano yote ya kompyuta kwa mtu asiyejulikana, pamoja na kumbukumbu za wananchi. Ofisi inayohitaji kufuatilia mchezo kwa sababu za kikazi, kama vile ya habari au ya michezo, na iombe kwa maandishi kwa kitengo chake cha TEHAMA.

TANO: UDHAIFU WA MTANDAO

Picha inayokwama na kurudi haikuzuiwa na mtu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani. Siku kama hizo hakuna cha kufungua. Mtazamaji apunguze ubora wa picha au asikilize redio. Kupunguza ubora huokoa fedha pia: dakika 90 kwa megabiti 5 kwa sekunde hutumia karibu gigabaiti 3.4, ilhali kwa megabiti 1.5 hutumia karibu gigabaiti moja.

UTARATIBU WA KUFUATA

Mechi inapokataa, wananchi wanashauriwa kufuata mpango huu:

(a) Yasomwe maandishi yaliyotokea. Yakitaja nchi au eneo, tatizo ni haki au anwani. Yakitaja akaunti, ni malipo au idadi ya vyombo. Pasipo maandishi, ni mtandao.

(b) VPN izimwe, saa ya simu iangaliwe, na programu isasishwe.

(c) Ijaribiwe kwa mtandao mwengine, kama vile kutoka mtandao wa ofisi kwenda bando la simu.

(d) Ithibitishwe kwamba kampuni iliyolipwa inazo haki za mashindano hayo kwa Tanzania. Ikiwa haina, hakuna ufundi utakaoifungua kihalali. Atafutwe aliye nazo.

(e) Mwenye haki akiendelea kukataliwa, amwandikie mtoaji wa huduma na ahifadhi risiti na picha ya maandishi hayo, kwani bila ya ushahidi madai ya kurejeshewa fedha huwa mazito.

Inafahamika kwamba vifurushi halali si rahisi kwa kila nyumba, na kwamba baadhi ya mechi hazionyeshwi hapa kabisa. Hilo halitatuliwi na fundi wa simu, bali ni la wanaouza na wanaonunua haki hizo. Hata hivyo, anayejua kizuizi ni cha nani hatoi fedha zake kwa asiyeweza kukiondoa, wala hafungui mlango wa ofisi ya umma kwa ajili ya dakika 90.